Tundu Katikati ya Bendera

Ibra, Oman, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Suleiman,

Kuna jambo sijapata kumwambia mtu. Miaka yote hii uliponiita "mama" mbele ya watu, nami nikakunja uso na kusema, "Ami, basi tena, nimeshakuwa mkubwa," nilikuwa nafurahi. Nilikuwa nanuna mpaka mlangoni, nikifika jikoni nacheka peke yangu. Sikukwambia kwa sababu ungezidi.

Wageni wasiotujua hushangaa kuona kijana wa miaka kumi na tisa anamwita mama binti wa kaka yake, tena binti mwenyewe hamfiki begani. Lakini mimi ni somo yake bibi, nimepewa jina lake, na aliyebeba jina la mama yako ndiye mama yako. Wazee walikuja na mazoea hayo kutoka Unguja na hakuna aliyeona haja ya kuyaacha. Nilipokuwa mdogo nililichukua jambo hili kwa uzito wote. Ulipougua tetekuwanga nilikuja nikakuwekea kiganja kipajini na kukuuliza kama umekula. Wewe ulikuwa na miaka tisa, mimi sita.

Halafu bibi akafariki. Siku ya tatu ya msiba uliingia jikoni kutafuta maji, ukaita "Mama" kwa mazoea, kama ulivyokuwa ukimwita yeye. Wanawake wote wakageuka, hata aliyekuwa anakoroga sufuria akaacha. Nikajibu, "Labeka." Mpaka leo sijui kama nilifanya vizuri. Ulichukua maji ukatoka, na kuanzia siku ile nimekuwa nikijiuliza mwenye jina hili anatakiwa afanye nini mwanawe anaposafiri. Nimeona anaandika barua.

Mambo ya soksi, dawa za mafua na sala kwa wakati sitayaandika. Wifi yake bibi na mama yangu wameshakujaza masikio kwa hayo, na begi lako limejaa halwa kana kwamba unakwenda kufungua duka. Ninaandika kwa Kiswahili kwa makusudi, ingawa najua chako ni cha kusikia na kujibu kwa Kiarabu. Soma polepole. Ukikwama kwenye neno, katika nyumba hii amebaki mtu mmoja anayeyajua maneno yote, naye ni baba yako.

Na hapo ndipo panaponiuma. Kesho baada ya sala ya alfajiri rafiki yako Khalfan atakuja na gari lake akupeleke uwanja wa ndege Maskati, na baba yako atakuwa amejifungia chumbani. Mmekubaliana hivyo bila kuzungumza, kama mnavyofanya kila kitu tangu Ramadhani. Alikuwa amekutafutia kazi ofisini, kule Izki, karibu, ungelala nyumbani kila siku. Wewe ukasema umepata nafasi ya kwenda kusomea mambo ya maji Hungaria. Akasema, "Nenda. Lakini mimi sikupeleki." Ukasema, "Sikukuomba." Basi, ni maneno hayo tu, na mpaka leo mnapishana ukumbini kwa salamu kama wapangaji. Sitaki uondoke hivyo. Yote nitakayokuandikia hapa ni kwa ajili ya hilo, nisikufiche.

Siku ile ulipotaja Hungaria tukiwa tunakula, baba yako aliweka kijiko chini. Wewe ulidhani ni kwa sababu ni mbali. Mimi nilijua kwamba jina la nchi hiyo lilishawahi kuingia katika maisha yao, kwa sababu bibi alinihadithia katika mwaka wake wa mwisho.

Alinihadithia kwa sababu ya aibu yangu. Nilikuwa darasa la tisa, na mwalimu mpya aliuliza ni nani nyumbani kwao wanazungumza lugha nyingine mbali na Kiarabu. Nilijua nikinyoosha mkono, wale wasichana wa nyuma watanifuata mpaka kwenye basi la skuli na "jambo, jambo" yao, maana walishawahi. Nikainamia kitabu. Mwalimu akanitazama mimi hasa, akauliza tena. Nikasema, "Kiarabu tu, mwalimu." Nilirudi nikamweleza bibi nikidhani atanicheka. Alikuwa ameegemea mito, anashona kofia ya baba yako. Akaendelea na mshono wake. Kisha akasema, "Somo yangu, hata mimi nilisema hivyo hivyo. Mbali, huko Marekani. Kaa."

Walikwenda Marekani baba yako alipopelekwa na serikali kusomea ujenzi wa barabara. Mji wao ulikuwa wa viwanda, jimbo la Ohio, na bibi alisema kila kitu kule kilikuwa na rangi ya moshi mpaka theluji ianguke. Baba yangu alikuwa bado anatambaa. Kiingereza cha bibi kilikuwa cha salamu na cha dukani. Mtu wa kwanza kumzoea alikuwa jirani wa ghorofa ya juu, mwanamke wa Kihungari jina lake Ilona, ambaye Kiingereza chake nacho kilikuwa bado kinachechemea baada ya miaka thelathini. "Tulielewana vizuri sana," bibi aliniambia. "Sote wawili tulikuwa tunakosea."

Ilona alikimbia kwao mwaka hamsini na sita, akiwa na umri wako wa leo. Vijana wa Hungaria walikuwa wameinuka dhidi ya utawala wa kikomunisti, vifaru vya Warusi vikaingia mjini, na yeye akavuka mpaka kwa miguu, shambani, kwenye matope. Kaka yake alibaki. Redio za Wamarekani zilikuwa zikiwatia moyo, na wao waliamini kwamba msaada uko njiani. Ilona alilisema hilo kila mara bila kupandisha sauti: "Kaka yangu alishikilia. Hakuna aliyekuja."

Lakini aliyempokea Ilona naye alikuwa Mmarekani. Mji ule ulipopata habari, watu walikusanya makoti na mablanketi, na familia moja ikamchukua Ilona akakaa kwao, akilala chumba kimoja na binti yao. Binti huyo ni Ruth. Bibi alisema wakati ule Ruth alikuwa msichana wa skuli, mpenda vitabu, asiyeweza kumtazama mtu machoni. "Kama mtu mmoja ninayemjua," akasema, akanitazama juu ya miwani. Ruth alishona bendera ya Hungaria kwa vitambaa vya mapazia, nyekundu, nyeupe na kijani, akaenda kusimama nayo mbele ya maktaba pamoja na majirani. Na kuanzia hapo kila mwezi wa Oktoba walisimama, jua likizama, na mishumaa mikononi, watu wachache tu: Ruth ambaye sasa alikuwa mwalimu, mpeleka barua mstaafu, mke wa mwokaji mikate. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona Hungaria. Na bado walikuwa wakikusanya makoti, kwa sababu kila baada ya muda alitokea mtu mwingine aliyekimbia kule.

Bibi hakuelewa. Alimuuliza Ruth, kwa Kiingereza chake cha dukani, ina faida gani, na wale waliowaahidi hawakwenda, na serikali ile ile bado ipo. Ruth hakukasirika. Alimjibu, "Mimi sina jeshi. Nina miguu ya kusimamia."

Bibi alilipenda jibu hilo kuliko alivyoweza kusema. Akajitolea kwa kitu alichokijua. Akaomba kapu la makoti ashone vifungo na kuziba bitana zilizochanika. Chini kabisa ya kapu, Ruth alikuwa ameiweka ile bendera ili ipigwe pasi. Bibi akaikunjua, akaona katikati, kwenye ule weupe, pana tundu la mviringo ukubwa wa kisahani.

"Nikasema maskini, wameiunguza."

Unatujua sisi na bendera. Kila Novemba, sikukuu ya taifa, ikiwa na mchaniko wa ncha ya kidole, haipandi juu ya paa mpaka ishonwe au inunuliwe nyingine. Bibi aliona aibu kwa niaba yao. Alikuwa na kitambaa cheupe kizuri alichokuja nacho kwa ajili ya kofia za baba yako. Akakata kiraka, akakishona mchana kutwa, na kwa kuwa mkono wake haukujua kufanya kazi nusu nusu, akakipamba kwa viua, vile vitundu vidogo vilivyozungushwa uzi, kama kofia yako ya Idi. Ruth na Ilona walipokuja kuchukua kapu, akaikunjua bendera mbele yao huku anajiona mtu.

Ruth akaziba mdomo kwa mkono. Ilona akapitisha kidole juu ya kiraka, polepole, kutoka kiua hadi kiua, akauliza mshono ule unaitwaje. Kisha akasema, "Kazi nzuri hivi sijapata kuiona. Sasa itabidi tuitoboe tena." Akacheka mpaka akatafuta kiti.

Ndipo wakamweleza. Pale katikati palikuwa pamewekwa nembo ya wakomunisti, na vijana wa mwaka hamsini na sita waliikata kwa visu na mikasi, wakatembea na bendera zenye matundu. Ruth naye alilikata la kwake kwa mkasi wa mama yake, mbele ya redio. Bibi alitamani ardhi ipasuke immeze. Siku hiyo hiyo akafumua kiraka chote. Lakini aliona kingo za tundu zimeanza kutoka nyuzi kwa ukongwe, akazizungushia uzi mweupe pande zote, kama kiua kimoja kikubwa, ili lisichanike zaidi. Wakati anahadithia alinishika mkono akanionyesha kidole kinavyozunguka.

Ilona alipoliona akasema aliyelishona tundu lazima naye ashike pembe moja siku ya kusimama. Na Ruth akamuuliza swali: "Na nyinyi, kwenu mliondokaje?" Hakuna aliyekuwa amemwambia kitu. Nadhani watu waliozoea kuwapokea waliokimbia huwatambua.

Hapa bibi aliweka kofia chini. Mwaka sitini na nne yeye aliondoka Unguja akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, akalelewa Mombasa katika nyumba za watu, na Oman alifika ameshakuwa msichana wa kuvaa buibui. Yote hayo alikuwa nayo, Kiingereza cha kuyasema angekipata, na Ilona angemsaidia. Akajibu, "Sisi watu wa Maskati. Kwetu salama." Ruth akasema vizuri, akachukua kapu.

"Somo yangu, walikuwa wameniwekea nafasi katikati yao, nami nikasema nimeshiba."

Na kusimama nao pia hakwenda. Baba yako alisikia habari ile wageni wakiwa bado wamekaa, akasema, "Tumekuja kusoma. Hatukuja kusimama barabarani." Alikuwa anaogopa. Wanafunzi wa serikali walijua wanatazamwa, na yeye alikuwa ameshaona Unguja yanayowapata wanaojulikana majina. Bibi aliyaelewa hayo yote, lakini bado aliumia. Siku ya kusimama, bendera iliyokuwa imebaki kwao kupigwa pasi ilipelekwa, yeye akabaki dirishani na baba yangu kiunoni, akitazama njia mpaka ikawa giza.

Baadaye walirudi Ibra. Mwaka themanini na tisa, kwenye taarifa ya habari, bibi akaona umati wa watu Hungaria na juu yao bendera zenye matundu katikati. Akapiga kelele. Akamwita baba yako kutoka majlisi. Akaja, akasimama mlangoni akatazama, kisha akarudi kwa wageni wake bila kusema neno. Bibi aliniambia kwamba alimsubiri usiku ule azungumze, na hakuzungumza, na yeye hakuuliza.

Nilimuuliza kama alipokuwa kule aliwaonea wivu Wahungari, kwa kuwa sisi wa Unguja hatukuwashiwa mishumaa na mtu. Akasema ndiyo, tena sana. Baadaye akasema, "Lakini wangewashaje? Aliyeulizwa ni mimi."

Siku ya pili nilikwenda kwa mwalimu wangu nikamwambia nyumbani tunazungumza Kiswahili pia. Sauti haikutoka vizuri na ikabidi nirudie. Wasichana wa nyuma walinifuata na "jambo" yao wiki nzima, halafu wakachoka. Ni ushindi mdogo sana, lakini ndio nilionao, kwa hiyo ndio ninaokupa. Huko uendako watakuuliza umetoka wapi. Wengine watauliza kwa kukupima. Lakini siku moja atakuuliza mtu kama Ruth, na utamjua kwa jinsi atakavyosubiri jibu. Usimwambie Maskati. Mwambie Ibra, na shamba la Al Qabil, na Unguja, na kofia. Na ukimkuta mzee wa kule aliyeyaona ya hamsini na sita, muulize mwenyewe alikuwa wapi, kisha unyamaze asimulie. Kuna Wamarekani waliokaa na mtu wa kule miaka thelathini na hawakuweza kumrudishia kaka yake. Waliweza kurudi kila Oktoba, wakarudi.

Nilikuwa nataka kuendelea na habari ya wewe na baba yako, nikuambie ukimya wa nyumba hii umezidi, lakini ananiita, anataka kahawa.

Nimerudi. Nilikuwa nimekusudia nikupe barua hii kabla hujalala. Sasa nitaitia katika mfuko wa koti lako jipya, uisome ukiwa angani, kwa sababu yametokea mambo.

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha bibi. Nikammiminia kahawa, na kwa kuwa siwezi kumuuliza mtu jambo nikimtazama, nikaliuliza birika. Nikasema, "Babu, kweli ulimkataza bibi kwenda kusimama na wale Wahungari?"

Akainua uso. "Nani amekwambia?"

"Mwenyewe. Alisema alibaki dirishani."

Akazungusha kikombe kiganjani. "Nilikwenda mimi," akasema. "Nilipeleka ile bendera, nikasema nitaikabidhi nirudi. Yule mwanamke wa Kihungari akanipa pembe moja, akidhani nimetumwa niishike. Sasa ningefanyaje, niiangushe? Nikasimama mpaka mishumaa ikaisha. Niliporudi nikamwambia bibi yako posta palikuwa na foleni."

"Posta, babu? Wakati wa magharibi?"

"Ndiyo. Sijui kama aliamini." Akanywa, akanirudishia kikombe nimwongeze. "Nilimkataza mbele ya wageni. Ningeanzia wapi? Nikasema nitamwambia tukirudi Oman. Tukarudi. Siku ile aliponiita kwenye televisheni, maneno yalifika hapa," akagusa koo, "na majlisi imejaa watu. Nikasema kesho."

Nikasimama na birika mkononi. Amekufa bibi hajui. Akauliza, "Huyo Suleiman anaondoka saa ngapi?"

Nikamwambia baada ya alfajiri.

"Na nani?"

"Na Khalfan."

"Khalfan anaendesha kama anafukuzwa," akasema. Akatikisa kikombe kwamba ametosheka.

Kwa hiyo, mwanangu, kesho utakaposimama barazani na kumlaumu Khalfan kwa kuchelewa, ukija kusoma haya ujue hana kosa. Nilichukua namba yake kwenye simu ya mama nikampigia. Unajua mimi na simu. Akapokea, akauliza nani mwenzake, nami kwa hofu nikasema, "Mama yake Suleiman." Akapiga bismillahi, maana yeye ni mmoja wa waliobeba jeneza la bibi. Ikabidi nijieleze. Nikamwambia asije kesho, baba yako anakupeleka. Akauliza kama baba mwenyewe amesema hivyo. Nikasema ndiyo, na wakati nasema ilikuwa bado si kweli.

Kisha nikarudi kwa baba yako nikamwomba funguo za gari, nikasema nataka kutoa vitu vya shamba vilivyojaa ndani. Hakuniuliza kwa nini jioni hii. Akazitoa mfukoni, akanipa, akasema tairi la mbele la kulia linataka upepo.

Nikashuka. Nilimwita mtoto wa jirani mwenye pampu akalitia tairi upepo. Nikatoa mipira ya maji, jembe na magunia matupu yaliyokuwa kiti cha mbele, nikakikung'uta vumbi na kukifuta. Katoni za tende, mito na begi lako kubwa nimevipakia viti vya nyuma mpaka juu, usipate pa kukaa isipokuwa mbele, karibu naye.

Mama yako,
Zuwena